ELIMU YA MAUMBILE NA MAADILI: TUNAJIFUNZA NINI KWA WASTOIKO?

Utangulizi

Katika kazi ya elimu ya siasa vijijini liko swali moja ambalo hukutana nasi kila mwaka kwa sura mpya. Mvua ikichelewa, ng'ombe wakifa, mtoto akiugua ghafla au bei ya tumbaku ikianguka, mwananchi huuliza: je, jambo hili ni la kuvumilia, au ni la kupambana nalo? Wapo wanaojibu upesi kwamba yote ni majaliwa, kazi ya mja ni kusubiri. Wapo pia, hasa miongoni mwa viongozi, wanaojibu upesi kwamba yote ni suala la kuamua na kujituma. Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini asili yake ni moja. Yote mawili hutolewa kabla ya uchunguzi.

Swali hilo si geni duniani. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita lilishughulikiwa kwa bidii kubwa na wanafalsafa wa Kiyunani na Kirumi waitwao Wastoiko. Wasomaji wengi wamelikuta jina lao katika Biblia ya Kiswahili, Matendo ya Mitume sura ya 17, ambapo Paulo anakutana nao mjini Athene. Wengi husoma jina hilo na kupita. Hata hivyo, Wastoiko walikuwa na fundisho moja ambalo kada yeyote hana budi kulipima: kwamba mtu hawezi kujua namna ya kuishi vema bila ya kujifunza maumbile ya dunia anamoishi.

Je, inatupasa kuhangaika na mawazo ya watu wa kale wa Ulaya? Nadharia haina kabila. Karl Marx mwenyewe, alipoandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1841, alichagua kuchunguza falsafa ya maumbile ya Democritus na Epicurus. Na huyo Epicurus ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa shule iliyoshindana na Wastoiko. Kazi yetu si kuwasifu wahenga wa watu wengine, wala kuwakebehi. Kazi yetu ni kutenganisha pumba na mchele. Katika makala haya tutaupima mchele huo kwa mizani ya nchi tunayoijua: Usinge na vijiji vya Kaliua na Urambo, mkoani Tabora, katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji.

Wastoiko walikuwa nani?

Mwanzilishi wao alikuwa Zeno, mtu wa mji wa Kition katika kisiwa cha Saiprasi. Alianza kufundisha Athene kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo, katika ukumbi wa wazi wenye nguzo. Kwa Kiyunani ukumbi wa namna hiyo huitwa stoa, na ndiko lilikotoka jina la wafuasi wake. Baada yake aliongoza Cleanthes, ambaye alikuwa fukara: usiku aliteka maji ya kumwagilia bustani za watu ili apate riziki, na mchana akasoma. Wa tatu alikuwa Chrysippus, aliyeandika vitabu zaidi ya 700. Leo vimebaki vipande tu vya maandishi yake, vilivyohifadhiwa ndani ya vitabu vya watu wengine.

Ni lazima tuyatazame mazingira yaliyowazaa. Alexander wa Makedonia alikufa mwaka 323 kabla ya Kristo, na majemadari wake wakagawana himaya. Miji ya Kiyunani, ambayo raia wake walizoea kujiamulia mambo barazani, ikawa chini ya wafalme. Raia aliyepoteza sauti katika mambo ya mji wake alianza kutafuta eneo ambalo hakuna mfalme angeweza kuliteka. Eneo hilo alilipata ndani ya nafsi yake. Hapa ndipo penye nguvu ya Ustoiko, na hapa ndipo penye udhaifu wake. Tutaona yote mawili.

Mfano wa shamba

Wastoiko waligawa elimu yote katika sehemu tatu: mantiki, yaani kanuni za kufikiri sawasawa, elimu ya maumbile, na maadili. Ili wanafunzi waelewe uhusiano wa sehemu hizo, walitumia mfano wa shamba. Ua unaolizunguka shamba ni mantiki, kwa kuwa unazuia wanyama waharibifu, yaani hoja za uongo. Udongo na miti ni elimu ya maumbile. Mazao ni maadili.

Mkulima wa Usinge hahitaji mkufunzi wa kumfafanulia mfano huu. Anajua kwamba ua bila udongo haumlishi mtu, na kwamba mazao hayaoti juu ya ua. Anajua pia kwamba shamba lisilo na ua huvunwa na nguruwe. Lakini fundisho lililomo ni zito kuliko linavyoonekana. Maana yake ni kwamba maadili si orodha ya amri zinazotoka hewani. Maadili ni zao, na huota katika maarifa ya kweli juu ya mambo yalivyo. Mtu asiyejua mambo yalivyo, hata awe na moyo mwema namna gani, atatenda ubaya huku akidhani anatenda wema.

Kwa nini walisema hivyo? Kwa sababu waliamini kwamba ulimwengu wote ni mwili mmoja ulio hai. Ndani yake hupita akili moja, mfano wa pumzi yenye joto, inayoshika kila kitu mahali pake: jiwe, mti, mnyama, mtu. Akili ya binadamu ni cheche ya akili hiyo. Basi kuishi kwa kuafikiana na maumbile, ambalo ndilo lililokuwa lengo lao kuu, ni kuishi kwa kuitumia akili na kwa kutambua kwamba mtu ni kiungo cha mwili mkubwa. Akili hiyo walikuwa tayari kuiita Mungu. Sisi hatuhitaji kukubaliana nao katika hilo ili tuone kiini cha hoja: ulimwengu una kanuni, kanuni hizo zinajulikana, na mwenye kuzijua anawajibika zaidi ya asiyezijua.

Walichunguza nini?

Isidhaniwe kwamba waliishia kwenye maneno. Posidonius, aliyeishi kiasi cha mwaka 135 hadi 51 kabla ya Kristo, alisafiri mpaka Gades, bandari ya Hispania, akakaa huko siku 30 akiangalia kujaa na kupwa kwa bahari. Alieleza kwamba mwendo wa maji hufuatana na mwendo wa mwezi, jambo ambalo wavuvi wa pwani yetu walilijua kwa kazi yao, na ndiyo sababu wakawa na majina ya bamvua na maji mafu. Huyo huyo alikadiria mzingo wa dunia kwa kutazama nyota ambayo Waarabu huiita Suheli, jina ambalo Kiswahili kimelichukua kwa maana ya kusini. Kutoka Rhodes nyota hiyo huonekana kwenye upeo wa macho tu, lakini kutoka Aleksandria huonekana juu kidogo. Kwa tofauti hiyo alipiga hesabu.

Seneca, Mstoiko wa Roma aliyekufa mwaka 65 baada ya Kristo, aliandika kitabu kizima juu ya radi, matetemeko ya ardhi, mvua ya mawe na mafuriko ya mto Nile. Humo anasimulia kwamba Kaisari Nero aliwatuma maofisa wawili wa jeshi wakatafute chanzo cha Nile, nao wakakwamishwa na mabwawa makubwa yenye magugu.

Swali hilo la Seneca lilingoja karibu miaka 1,800, na njia ya kulijibu ilipita Tabora. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857. Kutoka hapo walielekea magharibi mpaka Ujiji, ambako walifika Februari 1858. Waliporudi Kaze, Speke alikwenda kaskazini na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Je, alilivumbua? Habari za ziwa hilo aliambiwa hapo Kaze na wafanyabiashara wa misafara, hasa Snay bin Amir. Njia alioneshwa na viongozi na wapagazi waliokuwa wakiikanyaga siku zote. Mito na maziwa ya nchi hii ilijulikana na watu waliobeba mizigo mabegani kabla haijaandikwa katika ramani za London. Hili ni fundisho la kwanza tunaloliongeza juu ya Wastoiko: elimu ya maumbile huanza katika kazi. Mwanafalsafa aketiye chini ya nguzo huipanga elimu hiyo, lakini mpagazi, mvuvi na mrina asali ndio wanaoichuma.

Ujinga wa maumbile huzaa uovu

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza. Wastoiko walishika kwamba uovu ni aina ya ujinga: mtu hutenda baya kwa kuwa amehukumu vibaya. Wengi hulidharau fundisho hili kuwa ni la upole mno. Sisi wa Tabora na mikoa jirani hatuwezi kulidharau, kwa kuwa tumeona ukweli wake ukiandikwa kwa damu.

Katika miaka ya 1970, 1980 na iliyofuata, vikongwe wengi, zaidi wanawake, waliuawa katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora kwa kushukiwa kuwa wachawi. Tuuchambue mlolongo wake. Mtoto anashikwa na homa kali, anatetemeka, anaweweseka, anakufa katika siku mbili. Kilichomuua ni malaria, na tangu mwaka 1897, kwa utafiti wa Ronald Ross, dunia imejua kwamba vimelea vya malaria husafirishwa na mbu. Lakini katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kueleweshwa jambo hilo mpaka likamwingia. Msiba unadai sababu. Sababu isipopatikana katika maji yaliyotuama nyuma ya nyumba, hutafutwa kwa jirani. Jirani huyo ni bibi kizee mwenye macho mekundu, na macho yake ni mekundu kwa sababu ya miaka 50 ya kupika kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alama ya kazi yake inageuzwa kuwa ushahidi wa uchawi wake.

Waliomwua walidhani wanailinda familia. Moyo wa kuilinda familia si mbaya. Kilichokosekana ni udongo, yaani elimu ya maumbile, na kwa hiyo zao likawa mauaji. Hapa mfano wa shamba unaacha kuwa mfano tu.

Hata hivyo, haitoshi kusema ujinga peke yake. Tukiuliza zaidi, mara nyingi tunakuta kwamba bibi huyo alikuwa mjane, na kwamba alikuwa na shamba au mifugo ambayo jamaa waliitazama kwa tamaa. Ujinga wa wengi ulitumiwa na maslahi ya wachache. Wastoiko hawakulitazama jambo hili vya kutosha. Waliona hukumu potofu ndani ya kichwa cha mtu, lakini hawakuuliza ni nani anayefaidika ikibaki potofu. Kwa hiyo kada anayepambana na imani hizi ana kazi mbili, wala moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine: kuelimisha juu ya maradhi na vyanzo vyake, na kutetea haki ya mjane katika ardhi na urithi.

Yaliyo katika uwezo wetu

Tunafika kwenye fundisho mashuhuri kupita yote. Epictetus alizaliwa kiasi cha mwaka 50 baada ya Kristo, akawa mtumwa mjini Roma. Baadaye aliachwa huru, akafundisha falsafa mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa. Akahamia Nicopolis, Ugiriki, ambako mwanafunzi wake Arrian aliyaandika mafunzo yake. Epictetus alifundisha kwamba mambo yote yamegawanyika mafungu mawili. Yaliyo katika uwezo wetu ni hukumu zetu, nia zetu, yale tunayoyataka na tunayoyakataa. Yasiyo katika uwezo wetu ni mwili, mali, sifa na vyeo. Anayeyashika ya kwanza na kuyaachilia ya pili huwa huru, hata akiwa katika minyororo.

Ni vigumu kumcheka mtu aliyesema hayo akiwa ameonja utumwa. Mafundisho yake yamewasaidia wafungwa na wagonjwa wengi kutovunjika moyo. Lakini tuyapime katika njia yetu. Katika karne ya 19 watu waliotekwa magharibi mwa Ziwa Tanganyika walivushwa mpaka Ujiji, wakapitishwa Uvinza, wakavuka mto Malagarasi, wakafika Tabora, na wengine wakaendelea hadi Bagamoyo. Tusiwachanganye na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru waliobeba pembe kwa ujira. Tunamzungumzia mateka. Je, tungemwambia nini? Kwamba mnyororo si kitu, maana nia yake ni huru? Maneno hayo akijiambia mwenyewe ni ushujaa. Akiambiwa na mwenye mnyororo ni dhihaka.

Historia ilijibu kwa namna nyingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897. Tanganyika sheria ya kuukomesha ilipitishwa mwaka 1922. Katikati ya tarehe hizo watumwa wengi hawakungoja karatasi. Walitoroka na kuanzisha maisha mapya. Jambo ambalo mwaka 1850 lilionekana kuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote, katika umri wa mtu mmoja lilikuwa limeanguka.

Basi kosa la Epictetus si kuchora mpaka baina ya yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Mpaka huo upo, na asiyeuona huchoka bure. Kosa lake ni kudhani kwamba mpaka huo umesimama mahali pamoja, na kwamba kila mtu hukutana nao akiwa peke yake. Mpaka huo husogea. Husogezwa na vitu viwili: maarifa, na nguvu ya watu walioungana. Mkulima mmoja hawezi kubishana na mnunuzi juu ya bei. Wakulima 500 wenye ushirika unaoongozwa kwa uaminifu wanaweza. Mama mmoja hawezi kuyazuia malale. Wilaya nzima yenye maarifa inaweza. Hili ndilo jambo kuu tunalotaka lishikwe katika makala haya.

Njia mbili ndani ya Ustoiko

Isidhaniwe kwamba tunawabebesha Wastoiko mawazo ya zama zetu. Wao wenyewe walitengana katika jambo hili.

Zeno aliandika kitabu juu ya mji bora, na inasimuliwa kwamba katika mji huo hapakuwa na mahekalu, mahakama wala fedha. Mwanafunzi wa Cleanthes aitwaye Sphaerus alikwenda Sparta kumsaidia mfalme Cleomenes wa Tatu, ambaye katika karne ya tatu kabla ya Kristo alifuta madeni na kugawa upya ardhi. Mstoiko mwingine, Blossius wa Cumae, alikuwa mshauri wa Tiberius Gracchus, ambaye mwaka 133 kabla ya Kristo alipitisha sheria ya kuwagawia Warumi maskini ardhi ya umma iliyokuwa imehodhiwa na matajiri. Gracchus aliuawa mwaka huo huo na kundi la maseneta na wafuasi wao. Blossius alivuka bahari akajiunga na Aristonicus, aliyeongoza uasi wa maskini na watumwa katika Asia Ndogo, na uasi huo uliposhindwa akajiua.

Upande wa pili walikuwepo Seneca na Marcus Aurelius. Seneca aliandika kwamba watumwa ni binadamu wenzetu, wapasao kutendewa kwa utu, lakini hakudai utumwa ukomeshwe, naye alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma. Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, alitumia mfano wa nyuki na mzinga kueleza kwamba faida ya mtu haitengani na faida ya jamii. Lakini katika mzinga wake watumwa walibaki watumwa.

Fundisho lile lile juu ya udugu wa binadamu liliwatuma wengine kugawa ardhi, likawatuma wengine kuwa mabwana wapole. Tofauti haikutokana na vitabu. Ilitokana na mahali ambapo msomaji alisimama katika jamii. Nadharia hujulikana kwa matendo ya anayeishika.

Hata elimu yao ya maumbile ilibanwa na jambo hili. Seneca alipoandika juu ya tetemeko lililobomoa nyumba katika miji ya Campania, lengo lake lilikuwa kumwondolea msomaji hofu ya kifo. Hakuuliza ni nyumba za namna gani zilizoanguka na za namna gani zilizosimama. Kuondoa hofu ni kazi njema. Lakini maskini anahitaji kuondolewa hofu pamoja na madhara.

Upande wa pili wa kosa: kuiamrisha ardhi

Tumekwisha kumpinga anayesema kwamba kila kitu ni majaliwa. Haki inatutaka tumpinge pia anayedhani kwamba maumbile hupokea amri. Mfano mkubwa kupita yote uko jirani na Usinge.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu walitumwa Afrika Mashariki, wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakapendekeza kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zaidi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta ya vita yaliletwa, visiki vikang'olewa kwa minyororo. Huko Kongwa udongo ulikuwa na mfinyanzi ambao kiangazi hugeuka kuwa kama saruji, ukavunja majembe na kuzishika karanga ardhini. Mvua haikufuata hesabu za ofisini. Wagogo, wenyeji wa Kongwa, waliijua tabia ya mvua na udongo ule kwa vizazi vingi, lakini maarifa yao hayakufanywa kuwa msingi wa mpango. Mwezi Januari 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu.

Turudi kwenye mfano wa shamba. Wakubwa wale walikuwa na ua imara: takwimu, ramani, taarifa zilizopigwa chapa vizuri. Walitaka mazao. Udongo hawakuuchunguza. Wala tusisahau maadili ya mpango wenyewe: ulibuniwa kwanza kwa ajili ya meza za nchi nyingine. Kutojali udongo na kutojali watu wanaoishi juu yake ni tabia moja.

Malale yanafundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1903 David Bruce, akiwa Uganda, alionesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o. Lakini Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba kabla ya ukoloni jamii za nchi hii zilimzuia mbung'o kwa kilimo, kwa malisho na kwa kuchoma vichaka kwa utaratibu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe; vita na njaa vilipunguza watu; vichaka vikarudi, na mbung'o akarudi navyo. Wataalamu wanabishana juu ya kiasi cha udhibiti ule wa zamani, lakini jambo moja ni dhahiri: pori tupu ambalo wakoloni walilikuta katika sehemu nyingi halikuwa maumbile matupu. Lilikuwa pia matokeo ya historia.

Na leo? Baada ya karanga kushindwa, Urambo iligeuzwa kuwa nchi ya tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo hutoka katika miombo. Miombo hiyo hiyo ndiyo malisho ya nyuki, na asali na nta ni riziki ya zamani ya watu wa Usinge, Kaliua na Urambo. Magharibi yake yako maeneo oevu ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 yaliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yakiwa na eneo la hekta zaidi ya milioni 3. Mkulima anayekata mninga kukaushia tumbaku si adui wa maumbile. Ana karo ya kulipa na deni la mbolea. Kumhubiria maadili bila kumwonesha bani linalotumia kuni kidogo, miche ya kupanda na soko la asali ni kudai mazao huku tukimnyima udongo. Lakini kunyamaza kwa hofu ya kupunguza mauzo ya msimu mmoja ni kula mbegu.

Hitimisho

Tumeona kwamba Wastoiko walituachia mambo matatu yenye thamani. Kwanza, maadili yana mizizi katika elimu ya maumbile. Pili, mtu hawezi kujitenga na jamii. Hierocles, Mstoiko wa karne ya pili, alichora duara: nafsi, nyumba, ukoo, mtaa, mji, hadi binadamu wote, akasema wajibu wetu ni kuwavuta walio mbali wawe karibu. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa cha mwaka 1962, alifika mahali panapofanana na hapo kwa kuanzia katika familia ya Kiafrika, akataka udugu huo upite kabila na taifa hadi wanadamu wote. Tatu, ni lazima tupambanue yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo.

Walichokosa ni kuona kwamba mpaka huo husogezwa na umma wenye maarifa. Kwa hiyo, mbele ya kila taabu, kada ana wajibu wa kuuliza kwa utaratibu: jambo hili lina sababu gani? Nani anazijua? Nani anafaidika zisipojulikana? Tukiungana, sehemu gani tunaweza kuibadilisha msimu huu, na sehemu gani inahitaji maandalizi ya miaka? Kinachobaki baada ya maswali hayo kujibiwa kwa ukweli, hicho tutakivumilia kwa ushujaa wa Epictetus. Kukivumilia kabla ya kuuliza si ushujaa.

Maswali ya kujadili katika madarasa

1. Taja taabu moja ya kijiji chenu inayosemwa kuwa ni majaliwa. Sababu zake ni zipi, na ni nani katika kijiji anayezijua vizuri zaidi?

2. Je, ni mpango gani katika eneo lenu ulioanza kwa takwimu bila kuuchunguza udongo? Wenyeji waliulizwa nini?

3. Mjane anaposhukiwa uchawi, tawi lina wajibu gani kabla ya polisi kuitwa?